Nani Alimwomba Mgonjwa Ruhusa?

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu hakifanani na vitanda vingine vya hospitali. Hakina godoro. Kimetandikwa turubai la plastiki, katikati pamekatwa tundu, na chini ya tundu imewekwa ndoo. Mgonjwa hulazwa bila nguo ya chini kwa sababu kuharisha hakumngoji mtu ainuke, na manesi wanatakiwa kuitazama ndoo ili wajue amepoteza maji kiasi gani na aongezewe serumu kiasi gani. Pembeni ipo ndoo ya pili, ya matapishi. Sindano imeingia mkononi, mara nyingine mikono yote miwili. Macho yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana, sauti imekauka.

Hapa Uvira vitanda hivyo tunavijua. Kipindupindu kiliingia mashariki mwa nchi yetu, Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1970, na ufuo huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ni miongoni mwa mahali ambapo hakijang'oka mpaka leo. Maji ya Regideso, shirika la maji la serikali, yakikatika, watu wa mitaa ya Mulongwe, Kalundu na Kavimvira wanashika ndoo kwenda ziwani na mitoni, na haichukui muda vitanda vyenye tundu vinajaa.

Mtu aliyelala namna hiyo, ni nani mwenye haki ya kumpiga picha?

Ng'ambo jambo hili ni biashara ya miaka mingi. Kamera zinawekwa ndani ya hospitali, wagonjwa ni wa kweli, madaktari ni wa kweli, na watazamaji wanakaa nyumbani jioni kuangalia nani atapona na nani atakufa. Mjadala umekuwa mkali kama wagonjwa hao wanatumiwa vibaya. Marekani ulifika mpaka mahakamani. Aprili 2011 mzee mmoja wa New York, Mark Chanko, mwenye miaka 83, aligongwa na gari la taka akapelekwa hospitali kubwa ya NewYork-Presbyterian. Siku hiyo watu wa televisheni ya ABC walikuwa ndani wakirekodi kipindi kilichoitwa NY Med. Walimrekodi akitibiwa, wakamrekodi akifa. Familia ilikuwa nje ya chumba, haikuambiwa lolote. Agosti 2012 mjane wake aliwasha televisheni, akaona mgonjwa aliyefichwa uso na kubadilishwa sauti, akamtambua mume wake. Alimtambua kwa sababu mtu uliyeishi naye miaka mingi humjui kwa sura peke yake.

Hospitali hiyo ililipa serikali ya Marekani dola milioni 2.2 mwaka 2016 ili kumaliza shauri la kuruhusu wagonjwa warekodiwe bila idhini yao. Mwaka huohuo mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwamba familia ina haki ya kuendelea kumdai daktari na hospitali kwa kuvunja siri ya mgonjwa.

Mtu wa Uvira anaweza kusema hayo ni ya Wazungu, sisi hatuna televisheni ya kuweka kamera wodini. Ni kweli hatuna. Lakini tunazo simu. Tunao wageni wa mashirika wanaoshuka kwenye magari yenye bendera wakiwa na kamera shingoni. Tunao vijana wenye kurasa za Facebook na YouTube wanaojiita waandishi, wanaoingia wodini kumhoji mama mwenye uvimbe au mtoto mwenye tumbo lililovimba, kisha wanaweka namba ya kutumia pesa chini ya video. Tunao wahubiri wanaowasimamisha wagonjwa mbele ya kamera watoe ushuhuda wa kupona kabla hata daktari hajawapima. Na jioni simu zetu wenyewe zinapokea video za televisheni za mtandaoni kutoka Dar es Salaam na Bujumbura zenye mambo yaleyale. Kamera imeshaingia wodini kwetu. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia.

Tofauti kubwa kati ya mgonjwa wa kwetu na wa London haiko kwenye kamera. Iko kwenye uwezo wa kusema hapana. Uingereza kuna kipindi cha Channel 4 kinachoitwa 24 Hours in A&E, kilichoanza 2011 katika hospitali ya King's College, London, kikiwa na makumi ya kamera zilizofungwa kila kona. Mtu anaweza kukipenda au kukichukia, lakini mgonjwa wa pale anatibiwa bila kulipa. Akikataa kamera, atafungwa jeraha lilelile na daktari yuleyule. Akikubali, hakuna deni linalofutwa kwa ajili yake.

Sasa mchukue mama aliyetoka Makobola au Swima kwa pikipiki, akazaa kwa kupasuliwa, na baada ya wiki mbili anaambiwa hawezi kutoka mpaka alipe. Katika nchi yetu jambo hili halimshangazi mtu: mgonjwa amepona, lakini anazuiwa hospitalini kwa deni, analala kwenye mkeka barazani na mtoto wake, ndugu zake wanazunguka kutafuta pesa. Anakuja kijana na simu. Anamwambia, "Mama, ongea kidogo, uonyeshe na kidonda, watu wa Ulaya watakuona." Yule mama anakubali. Je, amekubali kweli? Anayemwomba anashika mkononi njia pekee ya yeye kurudi nyumbani. Hapo sioni ruhusa. Naona mtu anayelipa deni la hospitali kwa mwili wake.

Na si lazima deni liwepo. Inatosha kwamba anayeomba ruhusa ni daktari mwenyewe, au amesimama pamoja na daktari. "Mama, hawa wageni ndio wanatuletea dawa, wanaomba picha kidogo tu." Mama atajibu nini? Atajibu, "Sawa, Docta." Mtu hawezi kumkatalia anayemshikia serumu. Kisha inaletwa karatasi, mara nyingi ya Kifaransa, mgonjwa anachovya kidole gumba kwenye wino na kubonyeza. Karatasi hiyo itaonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba kila kitu kilifanyika kwa haki. Mimi nasema haionyeshi chochote zaidi ya kidole.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Bila picha, wanasema, nani angejua mateso yetu? Historia ya Kongo yenyewe inawaunga mkono. Mei 1904, kule Baringa katika jimbo la zamani la Ikweta, mwanamume aitwaye Nsala alifika misheni akiwa amebeba mguu na mkono wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha, ameketi barazani akiviangalia viungo hivyo. Picha hiyo ilionyeshwa kumbi kwa kumbi huko Uingereza na Marekani, na ni miongoni mwa vitu vilivyomharibia jina Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mpaka akanyang'anywa Kongo mwaka 1908. Siwezi kusema picha ile isingepigwa. Lakini Nsala alikwenda misheni mwenyewe, akitaka aonekane. Alikuwa mtu aliyeleta mashtaka. Hakuwa mgonjwa aliyekutwa amelala.

Hata huku kwetu Kivu ya Kusini, hospitali ya Panzi iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999 isingejulikana duniani bila kamera. Filamu ya Thierry Michel, L'homme qui répare les femmes, ya mwaka 2015, ilimpeleka Daktari Denis Mukwege wa hospitali hiyo na wanawake anaowatibu mbele ya macho ya watu wengi, na mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Wanawake wengi waliozungumza kwenye kamera kwa miaka hiyo walizungumza kwa ujasiri na kwa kutaka. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo anyamaze kwa kisingizio cha kumlinda ni kumdhulumu mara ya pili, na ninalisema hilo bila kusita.

Lakini tukumbuke kilichotokea filamu ilipofika Kinshasa. Septemba 2015 serikali iliipiga marufuku, ikidai imelichafua jeshi. Kelele zilipozidi, Oktoba marufuku ikaondolewa. Katika ugomvi wote ule watu walibishana kuhusu heshima ya jeshi, heshima ya serikali, heshima ya mtengenezaji wa filamu na ya daktari. Wanawake wenyewe, ambao miili yao ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, walisikika kidogo sana.

Tena, hoja kwamba uso lazima uonekane ili ukweli uaminiwe imeshavunjwa hapahapa jimboni. Kule Kavumu, karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu, kundi la wanaume liliwateka na kuwabaka watoto wadogo wa kike usiku, kwa miaka kadhaa, wengine wakiwa bado wachanga kabisa. Kesi ya wanaume hao ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi palepale Kavumu mwishoni mwa 2017. Watoto hawakusimamishwa kizimbani. Yalitumika maelezo yao yaliyorekodiwa mapema. Wazazi na mashahidi walizungumza wakiwa wamefunikwa, nyuma ya pazia, sauti zimebadilishwa. Hakuna raia aliyeona uso wa mtoto hata mmoja. Na tarehe 13 Desemba 2017 watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frederic Batumike, walihukumiwa kifungo cha maisha. Kama majaji waliweza kumfunga mbunge maisha bila umma kuonyeshwa sura ya mtoto, mfadhili wa Geneva naye anaweza kutoa dola mia za dawa bila kuonyeshwa sura ya mgonjwa.

Mashirika yenyewe yameanza kulijua hili, kwa uchungu. Mwaka 2022 Médecins Sans Frontières (MSF) ilishutumiwa kwa kuchapisha picha za msichana wa miaka 16 wa Ituri aliyekuwa amebakwa. Zilipigwa na mpiga picha mashuhuri wa shirika la Magnum. Jina lilibadilishwa, lakini sura ilitambulika, na kisa chake kilielezwa kwa kina. Shirika liliziondoa na kulazimika kutazama upya jinsi linavyopiga na kutumia picha za wagonjwa. Nalisema hili nikiwaheshimu: MSF wametibu watu wengi kwenye ufuo huu, Baraka na Fizi, katika miaka ambayo wengine walikuwa wamekimbia. Ndiyo maana kosa hilo linatisha. Kama shirika lenye madaktari wa namna hiyo liliteleza, itakuwaje kwa kijana mwenye simu na kiu ya wafuasi?

Miaka kumi na minne kabla yake, mwaka 2008, Mholanzi Renzo Martens alitoa filamu iliyotengenezwa Kongo, Episode III: Enjoy Poverty. Ndani yake anawafundisha wapiga picha wa Kanyabayonga, Kivu ya Kaskazini, waache kupiga picha za harusi zenye malipo kidogo, wapige watoto wenye utapiamlo kama waandishi wa kigeni wanavyofanya, kwa sababu huko ndiko kwenye pesa. Wanakwenda nazo hospitalini, na wanakataliwa. Filamu ile iliwakera wengi, na mimi pia siipendi, maana nayo iliwatumia watoto walewale. Lakini iliweka wazi jambo ambalo tulizoea kulipita: mateso ya mgonjwa wa Kongo ni mali, na mwenye mali hiyo si mgonjwa.

Zamani umbali ulificha mengi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika uwanda wa Ruzizi. Ilikuwa jioni ya Kombe la Dunia, watu wengi wamejazana kwenye jumba wakitazama mpira, wengine wakakimbilia mafuta yaliyomwagika. Moto uliwaua zaidi ya watu 200. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, na picha za waliokufa na za walioungua zikasambaa ulimwenguni. Lakini mwaka ule simu zenye intaneti zilikuwa chache hapa, na ilikuwa rahisi kwa mama wa Sange asiione kamwe picha ya mwanawe.

Leo haiwezekani. Picha iliyopigwa wodini asubuhi kwa ajili ya ripoti ya Brussels inaweza kurudi Mulongwe jioni kupitia WhatsApp. Wanaiona majirani wa mgonjwa, mashemeji, wanafunzi wenzake, mchumba wake. Ugonjwa wa mpox ulipoenea hapa mwaka 2024, wa ile aina mpya iliyoibuka Kamituga mwaka uliotangulia, na Shirika la Afya Duniani likautangaza Agosti 14 kuwa dharura ya kimataifa, Uvira ilikuwa miongoni mwa miji iliyoelemewa. Ni ugonjwa wa vipele, na mara nyingi vipele hivyo hutoka sehemu za siri. Daktari anayempiga picha mgonjwa ili aombe ushauri wa daktari mwenzake anafanya kazi yake, mradi picha ibaki kati yao na ifutwe. Lakini picha ileile ikihamia kwenye kundi la mtaa, kesho kijana mwenye vipele hataenda hospitali. Atabaki chumbani, atapaka dawa za kununua sokoni, na atawaambukiza wa nyumbani kwake.

Hili ndilo wapenzi wa picha hawalihesabu. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima kwa saa chache asipotibiwa. Akifika mapema akapata maji na serumu, anayekufa hafiki mmoja kati ya mia. Uhai wa mtu unategemea haraka ya kufika. Kila video ya mgonjwa aliyelala uchi kwenye kitanda chenye tundu inamfundisha mtu mwingine kusitasita mlangoni. Hata tukiacha suala la heshima, kamera ya namna hiyo inaua.

Kwa hiyo, kuhusu swali kama wagonjwa wanatumiwa vibaya, jibu langu ni ndiyo. Vipindi na video za wagonjwa vinawatumia vibaya pale ambapo mgonjwa hana uwezo wa kukataa bila kuogopa, na kwetu hali hiyo ni ya kawaida. Nia njema ya mpiga picha haibadilishi kitu. Wala pesa zinazopatikana hazibadilishi, hata zikifika zote kwa mgonjwa.

Lipo la kufanya, na halihitaji fedha. Ruhusa isiombwe na daktari wala nesi anayemtibu mtu huyo. Aombe mtu asiyeshika dawa yake, kwa Kiswahili au Kifuliru au Kibembe au Kivira, lugha ambayo mgonjwa anaitumia kwao, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba akikataa matibabu ni yaleyale. Aulizwe mara mbili: siku ya picha, na tena akishapona, akiwa amevaa nguo zake na amekaa na watu wake. Aonyeshwe picha yenyewe. Aulizwe swali moja la kweli: "Hii nikiionyesha mtaani kwenu, utakubali?" Akisema hapana, ifutwe mbele ya macho yake. Mtoto asipigwe uso kabisa, hata mzazi akikubali, kwa sababu mtoto atakua na picha haitakua naye. Na mtu aliye kwenye kitanda cha kipindupindu asipigwe na yeyote. Akitaka kueleza yaliyompata, atayaeleza akishaamka.

Sheria haijakosekana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya faragha. Sheria ya Julai 2006 kuhusu kesi za ubakaji inawaamuru waendesha mashtaka na majaji walinde usiri na utu wa walioumizwa, na ndiyo iliyofungua njia ya mapazia ya Kavumu. Na kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, kinamwadhibu daktari, nesi, mkunga au yeyote anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa kazi yake: kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, pamoja na faini au kimojawapo. Nesi anayempitisha mwenye kamera wodini yuko karibu sana na kifungu hicho.

Nawaomba wakuu wa hospitali na vituo vya afya, kuanzia Sange mpaka Uvira, Baraka na Fizi: andikeni getini, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba hakuna kupiga picha wodini bila ruhusa ya mgonjwa na ya mganga mkuu, na mlinzi apewe mamlaka ya kuzuia simu, hata ya mgeni wa shirika linalolipa mishahara. Na wewe unayesoma, ukitumiwa video ya mgonjwa leo, usiisambaze. Ifute, kisha mwambie aliyekutumia kwamba umeifuta.